Unataka Kuandika Habari za Jeshi na Ulinzi? Anzia Hapa

Wanaoanza huuliza maswali yaleyale. Je, ni lazima niwe nimewahi kuvaa gwanda? Nitapelekwa vitani? Nikigusa mambo ya jeshi si nitakamatwa? Na lile la nne, linaloulizwa kwa sauti ya chini: kazi hii inalipa?

Kwa kifupi: si lazima. Vitani huenda ukaenda, ila usiwe na haraka. Kukamatwa kunategemea unaandika nini na sheria ya nchi inasemaje, ndiyo maana kuna hatua nzima ya sheria hapa chini. Malipo mwanzoni ni madogo kama ya mwandishi yeyote mchanga, lakini anayeweza kusoma bajeti ya ulinzi bila kushikwa mkono ni adimu katika vyumba vingi vya habari, na mhariri mwenye akili hamwachi aondoke.

Jambo moja ulijue mapema, kwa sababu huwavunja moyo wengi: sehemu kubwa ya kazi hii ni makaratasi na simu. Mwaka 1969 mwandishi Seymour Hersh alifichua mauaji ya raia yaliyofanywa na askari wa Marekani huko My Lai, Vietnam, yeye mwenyewe akiwa Marekani. Alidokezwa kuhusu kesi ya afisa mmoja, akamfikia wakili, kisha akaenda kambi ya Fort Benning, Georgia, akamtafuta afisa huyo, Luteni William Calley, mpaka akampata. Mwaka 2007 Dana Priest na Anne Hull wa Washington Post waliandika jinsi askari majeruhi walivyokuwa wakiishi katika vyumba vyenye kuvu kwenye hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, na waziri wa jeshi la nchi kavu akajiuzulu. Hakuna risasi iliyolia katika kazi zote mbili. Kama unachotaka ni fulana ya kuzuia risasi na picha yako ukiwa umeivaa, mwongozo huu utakuchosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Uzoefu wa uandishi wa kawaida. Mahakama, bunge au biashara ni shule nzuri. Usianzie jeshini.
- Daftari la majina, vyeo na tarehe, kila mtu na ukurasa wake. Maafisa huhamishwa mara kwa mara. Luteni kanali wa leo ndiye brigedia wa kesho.
- Simu yenye programu ya ujumbe uliofungwa kwa usimbaji, kama Signal, na diski ya kompyuta iliyofungwa kwa nenosiri refu.
- Programu ya jedwali la hesabu, na uwezo wa kuitumia.
- Namba ya wakili anayejua sheria za habari. Itafute sasa, usingoje usiku wa kugongewa mlango.

Shahada ya masomo ya usalama inasaidia, lakini si sharti.

Hatua ya 1: Jifunze vyeo na muundo wa vikosi

Hili ni la kukariri, hakuna njia ya mkato. Katika majeshi mengi ya nchi kavu platuni ina askari 30 hadi 40, kombania kati ya 100 na 200, batalioni kati ya 500 na 1,000, brigedi elfu kadhaa, na divisheni 10,000 au zaidi. Kila nchi ina vipimo vyake, kwa hiyo chukua hizi kama picha ya kukuongoza tu. Ukiambiwa "brigedi imetumwa mpakani," uliza papo hapo: ni brigedi kamili, au makao yake makuu na kombania mbili?

Tahadhari ya vyeo: katika majeshi mengi kapteni wa jeshi la majini yuko sawa na kanali wa nchi kavu, si na kapteni wa nchi kavu. Ukikosea hapo, kila askari atakayesoma habari yako atajua kwamba hukuuliza, na hataamini mengine uliyoyaandika.

Hatua ya 2: Jua silaha kwa kiasi cha kutodanganyika

Huhitaji kuwa mpenzi wa silaha. Wapenzi wa silaha mara nyingi ni waandishi wabaya. Huandika aya tatu juu ya injini na kusahau kutaja nani analipa. Lakini lazima utofautishe vitu vya msingi.

Si kila gari la chuma linalotembea kwa minyororo ni kifaru. M1 Abrams ni kifaru: matoleo yake ya sasa yana mzinga wa milimita 120 na uzito unaozidi tani 60. Bradley ni gari la deraya la kubeba askari na kupigana, lenye mzinga wa milimita 25 na uzito mdogo kuliko huo kwa mbali. M109 ina mnara na mtutu mrefu, na macho yasiyozoea huiita kifaru, kumbe ni mzinga unaojiendesha, kazi yake ni kupiga kutoka mbali nyuma ya mstari. Kichwa cha habari kinachosema "vifaru vyaingia mjini" juu ya picha ya magari ya kubeba askari kimebadilisha maana ya tukio zima.

Vivyo hivyo kwa bunduki. Nyingi zinazoitwa AK-47 ni AKM, toleo lake lililoboreshwa na kuanza kutumika mwaka 1959, au nakala zilizotengenezwa katika nchi nyingine. Usipokuwa na uhakika andika "bunduki ya aina ya Kalashnikov" na utakuwa salama. Kwa mizinga, milimita 155 kwa kawaida ni kipimo cha NATO na 152 ni cha Kisovieti. Namba hiyo kwenye ganda lililookotwa inaweza kukupa mwanzo wa swali la nani aliuza. Isikupe jibu, kwa sababu silaha huuzwa, hutekwa na kuuzwa tena.

Hatua ya 3: Chagua kona moja

Jeshi ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Chagua kati ya fedha na manunuzi, maisha ya askari na familia zao, sheria na mahakama za kijeshi, operesheni, au teknolojia. Ushauri wangu: anza na fedha au maisha ya askari. Operesheni zina siri nyingi na ushindani mkubwa. Teknolojia imejaa taarifa za kampuni zinazouza bidhaa, na mwanafunzi hugeuka mpiga debe bila kujijua. Lakini nyumba za askari zinazovuja, mishahara iliyochelewa, makuruta wanaoumia mafunzoni: hayo yana mashahidi wengi walio tayari kusema.

Hatua ya 4: Soma bajeti kama mkaguzi

Hapa kaa muda mrefu kuliko penginepo.

Kwanza, gawanya bajeti katika mafungu manne: watu (mishahara, posho, pensheni), uendeshaji (mafuta, matengenezo, mafunzo), manunuzi ya silaha, na utafiti. Nchi inayotangaza kununua ndege mpya huku fungu la uendeshaji likishuka inanunua ndege za kuegesha. Kuuliza juu ya hilo pekee kunatosha kwa habari nzuri ya kwanza.

Pili, linganisha takwimu za serikali na za nje. SIPRI, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, hutoa kila mwaka matumizi ya kijeshi ya nchi nyingi; kwa mwaka 2024 jumla ya dunia ilikuwa dola za Marekani bilioni 2,718. Utagundua mara nyingi kwamba takwimu ya SIPRI na ya wizara hazilingani. Usikimbilie kuandika "serikali yaficha mabilioni." SIPRI hujumuisha pensheni za wanajeshi na vikosi vya mtindo wa kijeshi, ambavyo nchi nyingi huviweka chini ya wizara nyingine. Tafuta kwanza tofauti imetokana na nini, na ukishaondoa hayo bado pengo lipo, hapo ndipo unapopiga simu.

Tatu, jihadhari na bei. Bei ya ndege moja inaweza kuwa ya chombo kitupu, au pamoja na vipuri, silaha na mafunzo, au ya maisha yake yote. Ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani, GAO, ilionyesha kwamba makadirio ya gharama za kuzitunza ndege za kivita za F-35 za nchi hiyo yalipanda kutoka dola trilioni 1.1 mwaka 2018 hadi trilioni 1.58 mwaka 2023. Hiyo ni matunzo tu. Kila unapoandika bei, andika ni bei ya nini.

Nne, tofautisha idhini, mkataba na mali iliyofika. Serikali ya Marekani inapolijulisha bunge lake juu ya mauzo ya silaha kwa nchi nyingine, kiasi kinachotajwa ni kikomo cha juu kinachokadiriwa. Mauzo yenyewe yanaweza kuwa madogo zaidi au yasifanyike kabisa. Hata hivyo utaona vichwa vya habari siku hiyohiyo vikisema nchi fulani "imenunua." Usivifuate.

Kwa uhamisho wa silaha kati ya nchi na nchi, angalia pia Rejista ya Umoja wa Mataifa ya Silaha za Kawaida, iliyoanzishwa mwaka 1991. Kutoa taarifa humo ni hiari, kwa hiyo kutokuwepo kwa mkataba kwenye rejista si ushahidi kwamba haukuwepo. Mahali pazuri pa kupima ni upande wa pili: muuzaji huenda aliripoti mnunuzi alipokaa kimya.

Hatua ya 5: Jenga vyanzo kwa utaratibu

Usianze na jenerali. Jenerali anazungumza na wahariri, na kila anachokwambia kimeshapikwa. Anza na wastaafu, mawakili wa mahakama za kijeshi, makarani wa kamati ya bunge ya ulinzi, wakaguzi wa hesabu, wazabuni walioshindwa zabuni (hawa huongea sana, na si yote ni kweli), na familia za askari. Maonyesho ya silaha kama Eurosatory ya Paris, IDEX ya Abu Dhabi na DSEI ya London, kila moja hufanyika baada ya miaka miwili, na humo utawakuta maafisa na wauzaji ambao ofisini kwao hufiki hata getini.

Kabla mtu hajaanza kusimulia, kubalianeni masharti: naweza kukutaja jina? Nikutaje kwa cheo bila jina? Niandike maneno bila kusema nani alisema? Au unaniambia nijue tu, nisiandike? Masharti huwekwa kabla ya mazungumzo. Askari mdogo asiyejua taratibu za habari mweleze polepole, hata kama itakugharimu nukuu. Wewe ukikosea utaandika masahihisho. Yeye anaweza kufungwa.

Na kila chanzo, jiulize kwa nini anasema leo. Majeshi yana ugomvi wa ndani kama ofisi nyingine: anga dhidi ya nchi kavu, kitengo hiki dhidi ya kile, hasa msimu wa bajeti. Habari inaweza kuwa kweli na bado ikawa imetolewa ili kummaliza mtu.

Hatua ya 6: Thibitisha picha na video

Video za vita husambaa haraka kuliko uwezo wa mtu yeyote kuzihakiki. Mwezi Novemba 2022 kampuni ya Bohemia Interactive ililazimika kutoa tamko kwa sababu vipande vya mchezo wake wa kompyuta, Arma 3, vilikuwa vikipitishwa kama video za vita vya kweli. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

a) Tafuta picha hiyo kwa kutumia picha yenyewe kwenye mitambo miwili au mitatu ya utafutaji. Nyingi za uongo huanguka hapa, kwa kuwa ni za zamani.

b) Tafuta mahali: umbo la barabara, minara, vilele vya milima, maandishi ya mabango. Linganisha na picha za setilaiti.

c) Tafuta saa kwa vivuli, na hali ya hewa ya siku hiyo.

d) Tafuta kamera ya pili iliyopiga tukio lilelile kutoka upande mwingine.

Picha za bure za setilaiti za Sentinel-2 zina nukta ambazo kila moja huonyesha eneo la mita 10 kwa 10. Hutaona gari moja moja, lakini utaona handaki jipya, uwanja wa ndege uliopanuliwa au eneo lililoungua. Mfumo wa FIRMS wa NASA huonyesha sehemu zenye joto kali, ila mkulima akichoma majani naye huonekana. Ramani za ndege na meli nazo husaidia kwa mipaka yake: meli za kivita hazilazimiki kuwasha kifaa kinachotangaza zilipo, na ndege za kijeshi huweza kuzima cha kwao. Kutoiona ndege kwenye ramani hakumaanishi kwamba haikuruka.

Hatua ya 7: Jua sheria, na linda watu kabla ya nyaraka

Pata nakala ya sheria ya siri za serikali ya nchi unayofanyia kazi na uisome yote, pamoja na sheria ya makosa ya mtandao. Angalia mambo matatu: kosa ni kuchapisha au hata kupokea tu? Kuna utetezi wa maslahi ya umma? Kupiga picha eneo la jeshi kunahitaji kibali cha nani?

Kisha vyanzo. Kosa baya kuliko yote ni kupeleka waraka wenyewe kwa maafisa ili "wauthibitishe." Mwaka 2017 nchini Marekani, waandishi walionyesha nakala ya waraka wa siri kwa namna hiyo. Mikunjo ya karatasi ikawajulisha wachunguzi kwamba ulichapishwa kwenye printa na kutolewa nje. Wakaangalia kumbukumbu za mfumo na kukuta waliouchapisha ni watu 6 tu. Aliyeutoa alikamatwa kabla hata habari haijatoka. Uliza maswali juu ya yaliyomo, kwa maneno yako, na usionyeshe karatasi. Usichapishe picha ya waraka, uandike upya.

Zima pia vitu vinavyotoa mahali ulipo. Ramani iliyotolewa mwishoni mwa 2017 na Strava, kampuni ya programu inayorekodi mazoezi ya mwili kama kukimbia, ilionyesha njia za kukimbilia za askari ndani ya kambi zilizotakiwa kuwa za siri. Saa yako ya mkononi inaweza kumchoma mtu uliyekwenda kukutana naye.

Hatua ya 8: Kuambatana na kikosi

Siku moja utaalikwa kwenye ziara au kuishi na kikosi. Marekani ilipoingia Iraq mwaka 2003, mamia ya wanahabari waliambatana na vikosi baada ya kutia sahihi kanuni za nini kisiandikwe. Soma kanuni hizo kabla ya kusaini. Zuio la kutaja mahali kamili au operesheni ijayo ni la haki. Zuio la kuandika lolote "linalochafua sura" si la haki, na hapo mhariri wako ndiye wa kubishana. Nani anasoma habari kabla haijatoka, na ana mamlaka ya kukata nini? Lipate kwa maandishi.

Ukishakula nao, kulala nao na kulindwa nao, utawapenda. Ni kawaida. Dawa yake ni mwenzako mmoja wa chumba cha habari anayefuatilia tukio lilelile kutoka upande wa raia.

Hatua ya 9: Ukienda eneo la vita

Usiende bila mafunzo ya usalama na huduma ya kwanza, bima inayotaja vita kwa jina, na mtu wa nyumbani anayejua saa zako za kuripoti. Usiende kwa ahadi ya "tutaona ukirudi na nini". Chombo cha habari kisichotaka kukupa barua ya kukutuma hakitakutoa hospitali.

Fulana laini peke yake huzuia risasi za bastola. Za bunduki kubwa zinahitaji bamba gumu, na baadhi ya nchi hutaka kibali cha kuingiza vifaa hivyo. Beba mkanda wa kuzuia damu, na ujue kuufunga: kwenye mkono au mguu, kati ya jeraha na moyo, si juu ya jeraha lenyewe wala kwenye maungio kama goti au kiwiko, kaza mpaka damu ikome, andika saa. Usivae nguo za kijeshi. Usishike silaha, hata kwa picha ya utani.

Kisheria, Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva, kifungu cha 79, inamhesabu mwanahabari kuwa raia maadamu hafanyi lolote la kuharibu hadhi hiyo. Mwandishi aliyeidhinishwa kuandamana na jeshi, akitekwa, ana haki ya kuchukuliwa kama mfungwa wa vita chini ya Mkataba wa Tatu wa 1949. Kwa hiyo kitambulisho chako si cha mapambo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ina simu ya dharura kwa wanahabari waliokamatwa au kupotea. Mwachie namba hiyo mtu wa nyumbani.

Mambo yakikwama

*Msemaji wa jeshi hajibu.* Tuma maswali kwa maandishi, yenye namba, na muda wa mwisho. Muulize pia mbunge wa kamati ya ulinzi swali hilohilo. Mara nyingi msemaji hujibu akisikia kwamba bunge limeulizwa. Asipojibu, andika kwamba uliuliza lini na nini.

*Pande mbili zinatoa idadi zisizolingana za hasara ya watu.* Usichukue wastani. Uliza kila upande: waliouawa wangapi, majeruhi wangapi, waliotekwa wangapi, wasiojulikana walipo wangapi? Idadi ya jumla mara nyingi imechanganya yote hayo. Kisha tafuta mazishi, hospitali na majina. Orodha ya majina 40 uliyoithibitisha ina uzito kuliko "mamia" ya msemaji yeyote.

*Wanakuomba usichapishe.* Waombe waseme madhara ni yapi hasa, kwa nani, lini. "Usalama wa taifa" pekee si jibu. Wakikuonyesha kwamba watu fulani watakufa kesho, unaweza kuchelewesha au kuondoa sehemu hiyo. Wakikuonyesha kwamba waziri ataaibika, chapisha. Uamuzi ufanywe na mhariri na wakili, usibebe peke yako.

*Umepewa siri kubwa mapema mno katika kazi yako.* Shuku kwanza. Anayempa mgeni waraka mzito ana sababu, na mojawapo ni kwamba wakongwe wameshaukataa kwa kuwa ni wa kughushi. Angalia muundo, vyeo, tarehe na mihuri dhidi ya nyaraka za wazi za ofisi hiyohiyo.

*Umeanza kuandika kama wao.* "Adui alidhibitiwa," "shabaha ilishughulikiwa." Mpe habari yako mtu asiyejua lolote la jeshi, kila anaposhtuka, andika upya kwa lugha ya nyumbani: nani alimpiga nani, wapi, wangapi walikufa.

*Video zinakurudia usiku.* Ukihakiki picha za maiti, zima sauti, punguza ukubwa wa dirisha, usizitazame kabla ya kulala, na panga zamu na mwenzako. Zikiendelea kukurudia wiki kadhaa, muone mtaalamu wa afya ya akili na mwambie mhariri akuhamishie kwenye bajeti kwa muda.